Maswali ya Wasomaji: Samaki wa Maji Baridi Katika Joto la Mtwara

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu aliyehamishwa kikazi ameniachia tangi la kioo la lita 60 lenye samaki watatu warefu, wembamba, wenye sharubu, ambao yeye huwaita dojo. Alinieleza kwamba ni samaki wa maji baridi, hukaa chini na hupenda kuishi kwa kundi. Tangu Desemba maji ya tangi hufika nyuzi 30 mchana, na samaki hupanda juu kila baada ya muda mfupi, humeza hewa, kisha hushuka wakitoa viputo. Muuzaji mmoja wa samaki wa mapambo ameniambia kuwa hiyo ni tabia yao, na kwamba joto likizidi nitie vipande vya barafu. Je, ni sahihi? Na kwa kuwa tangi ni dogo, nimbakize mmoja tu?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Muuzaji wako amepatia nusu ya jambo, na nusu aliyokosea ndiyo inayoweza kuwaua samaki wako.

Ni kweli kwamba dojo, ambaye wataalamu humwita Misgurnus anguillicaudatus, humeza hewa kwa asili yake. Huyu ni samaki wa Asia ya Mashariki, anayeishi katika madimbwi, mito ya mwendo wa polepole na majaruba ya mpunga ya nchi kama China, Korea na Japani, mahali ambapo maji hupungua na kutuama hadi oksijeni ikawa haba. Hewa anayoimeza hupita hadi sehemu ya nyuma ya utumbo, ambako mishipa midogo ya damu hufyonza oksijeni, na inayobaki hutoka kwa njia ya haja. Hivyo ndivyo vile viputo unavyoviona. Kambare wetu naye hupumua hewa ya juu, ingawa yeye hutumia kiungo maalumu kilicho juu ya matamvua. Kwa hiyo dojo anayepanda mara mojamoja hana tatizo lolote. Anayepanda kila baada ya dakika chache, mchana kutwa, anakuambia kwamba matamvua yake hayapati kitu cha kutosha ndani ya maji.

Ugumu wa kumfuga samaki huyu katika pwani yetu ni kwamba uvumilivu wake humficha mfugaji hali halisi ya tangi. Katika maji yaleyale, samaki asiyeweza kupumua hewa angekwisha kufa na wewe ungeshtuka. Dojo huendelea kuishi kwa wiki nyingi huku afya yake ikidhoofika. Maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 15 yanaweza kubeba takriban miligramu 10 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba takriban 7.5 tu, na wakati huohuo joto huuharakisha mwili wa samaki ukahitaji oksijeni nyingi zaidi. Bakteria wanaoishi ndani ya chujio, ambao kazi yao ni kugeuza amonia itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitriti na hatimaye nitrati, nao wanaitegemea oksijeni hiyohiyo. Ikipungua, kazi yao huzorota na amonia hupanda. Tena, visima vingi vya pwani vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe hutoa maji magumu yenye chokaa, na katika maji ya aina hiyo, hasa yakiwa na joto, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali ya sumu. Kumeza hewa kunaweza kumwokoa dojo na upungufu wa oksijeni, lakini hakuwezi kumkinga na amonia inayounguza matamvua na ngozi yake.

Kuhusu barafu, acha kabisa kuitumbukiza ndani ya tangi. Lita 60 ni maji machache. Yatapoa kwa ghafla, yatapata joto tena kabla ya magharibi, na kupanda na kushuka huko humchosha samaki kuliko joto lililotulia. Ikiwa siku imekuwa kali mno, jaza maji katika chupa ya plastiki, igandishe, ifunge vizuri, kisha uiache ielee juu ya maji huku ukitazama kipimajoto, na usiruhusu joto lishuke zaidi ya nyuzi mbili kwa saa chache.

Lililo bora ni kuliondoa tangi karibu na dirisha la magharibi na ukuta unaopigwa jua, kuweka pampu ya hewa yenye jiwe lake, na kuelekeza feni juu ya uso wa maji ili mvuke uondoke na joto. Katika msimu wa kaskazi hewa ya Mtwara huwa na unyevu mwingi, kwa hiyo feni haitakupa nafuu kubwa kama ambayo ingempa mtu wa Dodoma, lakini hata nyuzi moja au mbili zina maana. Punguza chakula siku za joto, na kila wiki badilisha robo ya maji kwa maji ya bomba yaliyokaa wazi kwenye ndoo kwa saa 24 ili klorini itoke. Umeme ukikatika usiku, pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ndicho kifaa kitakachokufaa kuliko vingine vyote.

Tafadhali usimbakize mmoja. Dojo hulala wakiwa wamerundikana, hutafuta chakula pamoja na hufuatana huku na huko. Akiwa peke yake hujificha mchangani na kula kidogo. Watatu ndio wachache zaidi ninaoweza kukushauri, na watano au sita wanapendeza zaidi. Kinachopaswa kubadilika ni tangi, kwa sababu samaki huyu hufikia sentimita 20 au zaidi na anaweza kuishi miaka kumi. Kundi la wakubwa linahitaji tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 45, ambalo kwa kimo cha sentimita 45 hubeba takriban lita 240. Maji mengi kiasi hicho pia hayabadiliki joto kwa haraka. Chini weka mchanga laini, wala si kokoto zenye ncha, kwa kuwa dojo huzika mwili wote na kubakiza macho tu, na sharubu zake huchunika kwa urahisi.

Nitasema wazi maoni yangu: dojo hustarehe kati ya nyuzi 16 na 24, na nyumba ya kawaida ya Shangani haitoi maji ya kiwango hicho isipokuwa katika usiku wa Juni hadi Agosti. Watunze hao ulioachiwa, lakini usiongeze wengine. Ukitaka kundi jingine la samaki wa chini, tafuta kuhli, jamaa yake mdogo wa sentimita 10 hivi kutoka Indonesia na Malaysia, ambaye hupenda nyuzi 24 hadi 28, naye pia huishi kwa kundi na hupenda mchanga.

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Newala, na ninakusudia kufuga dojo. Huku hali ya hewa ni ya ubaridi kuliko pwani, lakini maji yangu mengi ni ya mvua, yanayokingwa kutoka kwenye bati. Yanafaa?
Msomaji, Newala

JIBU: Mwalimu, kwa upande wa joto umewazidi watu wa pwani, kwa kuwa uko juu ya uwanda wa Makonde. Maji ya mvua nayo yanafaa, ila yana madini machache mno, na maji ya namna hiyo hugeuka kuwa ya tindikali kwa haraka uchafu unapoanza kuoza. Changanya nusu kwa nusu na maji ya bomba au ya kisima kila unapoyapata. Maji ya mvua ya kwanza ya msimu yaache yapite, kwa sababu huosha vumbi na kinyesi cha ndege kutoka kwenye bati. Kabla ya kununua samaki, acha chujio lifanye kazi kwa wiki nne hadi sita ili bakteria wakae, ukiwalisha kwa chembe chache za chakula cha samaki.

SWALI: Dojo wangu wawili wameruka nje ya tangi usiku, mvua ilipokuwa inakaribia. Mmoja alikufa. Je, ni maji mabaya?
Msomaji, Lindi Mjini

JIBU: Pole sana. Huenda maji hayana kosa. Dojo huhisi mgandamizo wa hewa unaposhuka kabla ya dhoruba, na huanza kuzunguka, kupanda na kushuka kwa fujo. Kutokana na hilo hujulikana pia kama samaki wa hali ya hewa. Hata hivyo, pima amonia na nitriti, kwa maana maji mabaya nayo humfanya aruke. Funika tangi kwa fremu yenye wavu wa mbu, inayopitisha hewa bila kuhifadhi joto, na uzibe hata tundu la bomba la chujio, kwa kuwa mwili wake hupenya mahali usipotarajia. Huyo aliyebaki mtafutie wenzake. Iwapo umekata tamaa, mpe mfugaji mwingine, wala usimwachie mtoni au bwawani: huko Marekani na Australia dojo waliofika kwa mikono ya watu wamezaliana katika maji ya asili na hadi leo wako humo.