Maswali ya Wasomaji: Mpango wa huduma kwa wazee na watu wenye ulemavu uanzie wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni diwani na nimeteuliwa kuingia katika kamati itakayoandaa mpango wa miaka mitano wa huduma kwa wazee na kwa watu wazima wenye ulemavu. Katika kikao cha kwanza wajumbe wengi walitaka fedha zote zijenge kituo kimoja kikubwa cha kuwatunzia, kwa hoja kwamba jengo huonekana na huduma ya nyumbani haionekani. Je, huo ni mwanzo mwema? Na tutajuaje idadi ya wahitaji, ilhali orodha tuliyo nayo ina majina machache mno?

JIBU: Mheshimiwa diwani, shaka yako ina msingi, na ninakuomba uifikishe kikaoni kabla michoro ya jengo haijaagizwa. Kituo kina watu wake, hasa wanaohitaji kuangaliwa usiku na mchana na hawana wa kuwaangalia, lakini walio wengi wanaishi majumbani mwao na wanataka kuendelea kuishi humo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008, unasema katika ibara ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali atakapoishi na watu atakaoishi nao, wala asilazimishwe kuishi katika makazi ya namna fulani. Fedha zote zikiingia katika kituo, mtu hubakiwa na mambo mawili tu: ahame kwake, au akose huduma.

Kuhusu idadi, yawezekana orodha yenu ni fupi kwa sababu ya swali lililoulizwa. Karani akibisha hodi na kuuliza kama humo ndani kuna mlemavu, bibi ambaye haoni tena tundu la sindano na anayeshika ukuta kila aendapo msalani atajibu kwamba hakuna, maana kwa mawazo yake yeye ni mzee tu; na zipo familia zinazokana kwa kuona haya. Kundi la Washington la Takwimu za Ulemavu, lililoundwa mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa, limeandaa maswali sita yanayolikwepa kabisa neno ulemavu. Mtu huulizwa kama anapata ugumu kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akitumia kifaa cha kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kutuliza mawazo, kujihudumia kama vile kuoga na kuvaa, na kuelewana na wengine katika mazungumzo. Anayesema kwamba anapata ugumu mkubwa, au kwamba hawezi kabisa, katika jambo hata moja, huhesabiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani karibu mmoja katika kila watu sita, wana ulemavu wa kiwango kikubwa. Kama orodha yenu inaonesha mmoja katika mia, basi wengi hawajafikiwa.

Baada ya kuhesabu inafuata kazi ambayo kwangu ndiyo kiini cha mpango wote: chukueni siku nzima ya mtu mmoja, tangu anapoamka hadi anapolala, mwandike kila mahali anapokwama. Niliwahi kumsindikiza mzee mmoja anayetumia kiti cha magurudumu kwenda kuhakikiwa pensheni yake. Jua lilikuwa kali, nikampa chupa ya maji. Akaipokea, akaiweka mapajani, asinywe. Nilipomsihi, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hajatia kitu kinywani tangu alfajiri, kwa kuwa choo cha ofisi ile kina ngazi mlangoni na mlango wenyewe ni mwembamba. Ofisi hiyo ilikuwa na njia nzuri ya mteremko upande wa mbele, na yeyote aliyeikagua kutoka nje angeandika kwamba inafikika. Kwa kipimo kinachotumika sana, kila sentimita 1 ya kimo huhitaji sentimita 12 za mteremko, kwa hiyo ngazi ya sentimita 15 huhitaji mteremko wa sentimita 180. Fundi mmoja angeimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi, lakini fundi haitwi kwa jambo ambalo halimo katika bajeti.

Mkiifuata siku ya mtu namna hiyo, mtaona kwamba idara ya afya peke yake haiwezi kuubeba mpango huu. Dawa zikiwapo zahanati lakini dereva wa basi hasimami anapoona kiti cha magurudumu, mgonjwa hana dawa. Wahusika wa usafiri, maji, makazi na barabara waingie katika kamati tangu sasa, kila mmoja akiwa na kifungu chake cha fedha.

Walengwa wenyewe nao waitwe kabla bajeti haijafungwa, kwa sababu ibara ya 4 ya mkataba huo inazitaka nchi zishauriane nao kwa karibu. Walipieni nauli, awepo mkalimani wa lugha ya alama, na nyaraka zipatikane kwa nukta nundu au kwa kusomwa kwa sauti. Inaniuma kila ninapoona watu hawa wakialikwa siku ya uzinduzi tu, wakakalishwa viti vya mbele na kupigwa picha.

Jambo la mwisho ni muda. Nchini Japani, ambako bima ya matunzo ya muda mrefu ilianza mwaka 2000, serikali za mitaa ndizo zinazoisimamia, nazo huupitia upya mpango wao kila baada ya miaka mitatu. Miaka mitano ni mingi kwa mtu mwenye umri wa miaka 80: anayetembea kwa fimbo leo anaweza kuwa kitandani kabla hamjafika nusu ya safari.

SWALI: Ninamuuguza baba yangu aliyepata kiharusi, na nimelazimika kuacha kazi. Kuna mkutano wa kupanga huduma za wazee. Je, nami nina nafasi ya kusema, au watasikilizwa wazee peke yao?

JIBU: Dada yangu, nafasi unayo, na usiione kuwa ya kuazima. Sheria ya matunzo ya mwaka 2014 inayotumika England inazitaka serikali za mitaa zitathmini mahitaji ya mlezi mwenyewe, kando ya yale ya anayemtunza. Kabla ya mkutano, andika kwa wiki moja saa unazoamshwa usiku, mara unazomgeuza baba, na siku ambazo hukuweza kutoka nje. Kisha omba jambo linaloweza kuandikwa katika mpango, kwa mfano mtu wa kukupokea zamu kwa muda wa saa tatu, mara mbili kwa wiki. Ila kabla hujalipeleka ombi hilo, muulize baba angependa aogeshwe na nani siku ambazo haupo.