Benchi la Nyuma: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Aibu na Msamaha

Barua nilizopokea hapa Moshi mwezi huu zinafanana kuliko waandishi wake wanavyodhani. Nimezifupisha na kuondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mwulizaji.

*Shikamoo Mchungaji. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu. Nilichukua fedha za akina mama wenzangu nikalipia ada ya mwanangu, nikitumaini kuzirudisha kabla hatujavunja kikoba, nikabainika. Nimelipa zote kwa miezi 14 na wenzangu wamenisamehe. Hata hivyo, kila Jumapili nakaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya baraka. Je, Mungu amenisamehe kweli?* (Mama, Majengo)

Marahaba, mama yangu. Amekusamehe. Ahadi ya 1 Yohana 1:9 ni kwamba tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki kutuondolea, wala haikuwekewa sharti kwamba kwanza moyo utulie.

Soma tena Luka 15, habari ya mwana mpotevu, safari hii ukimfuata yule kijana njiani. Akiwa bado kwenye nguruwe alijitungia maneno ya kumwambia baba yake, nayo yalikuwa na sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alipofika alisema ya kwanza na ya pili, lakini ile ya tatu haikutoka kinywani mwake, kwa sababu baba alikuwa ameshawageukia watumwa akiagiza vazi, pete na viatu. Kijana alikuwa anaomba nafasi ya chini ambayo baba hakuwa nayo ya kumpa. Benchi lako la nyuma, mama, ndilo lile ombi la tatu. Tunaliita unyenyekevu, na watu hutusifu kwa hilo, kumbe tunamwambia Mungu kwamba amekosea kutupokea kama watoto.

Tazama pia Zakayo, mtoza ushuru, katika Luka 19. Alitangaza kuwarudishia mara nne aliowadhulumu baada ya Yesu kusema kwamba atashinda nyumbani mwake, si kabla. Wewe umelipa deni la akina mama, na ulipaswa kulilipa. Mungu hakukupelekea hati yake ya madai pamoja na hilo.

Jumapili ijayo kaa katikati, ubavuni mwa mmoja wa wanakikoba wale, na usitoke kabla ya baraka. Nikiri jambo moja lisilo la kiroho sana: kama wenzako bado hawajakurudishia daftari la fedha, usinung'unike. Kusamehewa ni jambo moja, kukabidhiwa daftari ni jingine, na hilo la pili huchukua muda.

*Mchungaji, mkihubiri neema kila siku, vijana hawatatenda dhambi makusudi?* (Mzee wa kanisa, Machame)

Paulo aliulizwa hivyo hivyo na akajibu katika Warumi 6: hasha. Mimi nimeona wengi waliorudi dhambini kwa kukata tamaa ya kusamehewa kuliko waliorudi kwa kuitegemea neema.

*Bwana Yesu asifiwe. Hii ni Desemba ya tano sijapanda nyumbani Kibosho. Biashara yangu Dar es Salaam ilifilisika. Namtumia mama fedha kidogo na kumdanganya kwamba nina kazi nyingi. Niombeeni nisamehewe.*

Amina, mwanangu. Uongo kwa mama yako utubu, huo ni dhambi. Kufilisika utubu nini? Mtu anayeungama kosa ambalo si kosa hapati msamaha unaomtosha, kwa kuwa hakuna kilichokuwepo cha kusamehewa, na mwaka ujao atarudi na ungamo lile lile. Ulicho nacho ni aibu tupu, na dawa yake ni kuonekana. Waebrania 12:2 inasema Yesu aliustahimili msalaba na kuidharau aibu. Haisemi kwamba hakuaibishwa. Alivuliwa nguo mbele ya mama yake.

Najua Desemba yetu ilivyo, kila mtu akirudi nyumbani kwa sikukuu, magari yakipanda mlimani na mengine, tuseme ukweli, yakiwa ya kukodi. Wewe panda basi la kawaida. Mwambie mama ukiwa naye jikoni, kabla ndugu hawajafika, na uanze na ule uongo.

*Mume wangu alinipiga kwa miaka mingi, nami niliondoka. Nina kovu usoni na ninaona aibu kupita mbele za watu. Waumini wenzangu wananiambia nikisamehe kweli nitarudi kwake.*

Dada yangu, aibu hiyo ni ya aliyekupiga. Wewe umebebeshwa tu. Kusamehe ni kuacha kisasi mikononi mwa Mungu, nako hakukulazimishi kurudi palipo na ngumi. Kama bado anakutishia, nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na umwombe mtu unayemwamini akusindikize. Nilipokuwa mwinjilisti kijana nilimshauri mama mmoja arudi kwa ajili ya watoto, naye alirudi na akaumizwa tena. Nilimwendea nikamwomba radhi. Tangu hapo sijatoa ushauri ule kwa mtu yeyote, na wanaokupa wewe wasikilize kosa langu.

*Nilimtukana kaka yangu msibani, mbele ya ukoo, kwa sababu ya mpaka wa kihamba. Nilimpelekea isale, akalipokea. Lakini nikimwona njiani nageuza njia.* (Marangu)

Kwa wasomaji wasio wa huku: isale ni mmea ambao Wachagga huupanda kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na jani lake hilo hilo hupelekwa kwa mtu uliyemkosea kuomba msamaha. Akilipokea, shauri limekwisha. Kwa hiyo, ndugu yangu, ulimpelekea kaka yako jani la mmea ule ule mliougombania, sijui kama uliliona hilo.

Petro alimkana Bwana wake akiwa anaota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu (Yohana 18:18). Baada ya ufufuo, wanafunzi wanaposhuka pwani, wanakuta moto wa makaa tena, na juu yake samaki (Yohana 21:9). Hapo ndipo Petro anapoulizwa mara tatu kama anampenda Yesu, sawasawa na mara alizokana, naye anahuzunika. Yesu angeweza kumwita mahali pasipo na harufu ya moshi ule. Alimrudisha pale pale penye kumbukumbu, akamlisha kwanza, kisha akamkabidhi kondoo.

Nawe isale limepokelewa. Kilichobaki ni kusimama mpakani. Masale yenu yatakuwa yamerefuka na yanahitaji kupunguzwa. Beba panga asubuhi jua likiwa bado dogo, mwite kaka yako kwa jina analoitwa nyumbani, yeye aanze upande wake nawe upande wako.