Usikate paipu ya breki kabla hujajua itapita wapi

Msomaji mmoja ameniandikia. Gari analolifufua limeoza paipu za breki, na fundi kamshauri akate penye kutu aunge kwa kiungio cha kubana, kile cha mabomba ya maji, mambo yaishe. Ananiuliza kama ni sawa.

Ndugu yangu, si sawa hata kidogo. Ukikanyaga breki kwa nguvu, presha ndani ya paipu ile inaweza kupita baa 100. Na paipu iliyotoboka sehemu moja, kwingine nako iko njiani. Ng'oa yote.

Paipu za gari langu nimezimaliza juzi tu, na pedali iko juu, ngumu kama jiwe. Najigamba, ndiyo. Kuna fundi alinicheka mbele za watu niliposema nitatengeneza mwenyewe. Eti breki si kazi ya wapenda mchezo. Bado yananikereketa maneno yale.

Nilitumia paipu ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ya milimita 4.75. Haishikwi na kutu kama ya chuma, na inakunjika kwa mkono, ila kona kali zipinde kwa kifaa isije ikabonyea. Kabla ya kukata chochote nilichukua waya laini nikaupitisha njia nzima, kuanzia masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali ya breki) hadi gurudumu la nyuma: mbali na ekzosi, mbali na shafti, juu ya ukingo wa chini wa shasi ili mawe yasiifikie. Ukiunyoosha waya huo umepata urefu, ongeza kidogo cha ncha. Kazi yenyewe iko hapo. Wengi mnakimbilia kutengeneza midomo, yaani ncha za paipu zilizopanuliwa ili nati izibane zisivuje, halafu paipu inakuja kulalia ekzosi.

Mdomo nao una masharti yake. Kata kwa kikatio cha kuzungusha, parua makali ndani na nje, kisha ingiza nati kwanza (kwanza!) ikiangalia upande wake. Kuna mdomo uliokunjwa mara mbili wa nyuzi 45 na kuna wa kiputo. Kila mmoja una kiti chake, pale unapokaa ukibanwa, na haibadilishani, kwa hiyo chunguza paipu ya zamani kabla hujaitupa. Ukimaliza uangalie chini ya taa: uwe pete nyororo, isiyo na ufa, isiyoegemea upande. Ukiegemea, kata uanze upya. Usijidanganye kwamba nati itaunyoosha.

Funga klipu, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uone kama mpira wa breki (mrija laini unaoingia gurudumuni) unavutika au unasugua tairi, kisha jaza mafuta utoe upepo.

Mnapenda sana kupaka rangi magari yasiyoweza kusimama. Rangi ingoje, isitoshe, mafuta ya breki yakiidondokea yanaila.

Mwisho, mtu akandamize pedali asiiachie, nawe pitisha karatasi nyeupe kavu kwenye kila nati. Ikilowa, kaza kidogo. Ikilowa tena, fungua utengeneze mdomo mwingine.