Jibu: Je, lazima uwe mwimbaji ili uongoze opera?

Habari ndugu. Umekwama hapa: umesomea maigizo, hujui kuimba, na unataka kuongoza opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa), yaani kuwapanga waimbaji jukwaani, kisha uje kufundisha. Kuimba si sharti. Walter Felsenstein alianza kama mwigizaji, akaanzisha jumba la opera la Komische Oper mjini Berlin mwaka 1947 na kuiongoza hadi alipofariki mwaka 1975. Waongozaji wa opera Götz Friedrich na Joachim Herz waliivishwa wakiwa wasaidizi wake.

Kwanza jipime: muziki ukipigwa, unaweza kuufuata kwenye nota ukurasa kwa ukurasa? Mimi sikuweza, nikampanga mwimbaji ampe mgongo kondakta, yaani anayewaongoza wapigaji na waimbaji kwa ishara za mikono, pale pale mwimbaji anapotakiwa kuanza kuimba. Akapoteza mapigo mbele ya watu. Iliniuma sana, nikarudi kujifunza nota. Halafu omba kazi ya kuwa msaidizi wa mwongozaji, hata ya kuandika tu nani anasimama wapi.