Taka ya Kibuye, dizeli ya kenta na gesi ya mboji: hesabu inasemaje?

Swali: Habari injinia. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Kisumu, tunatoa taka ya mboga soko la Kibuye, tunabeba na kenta hadi Ahero kutengeneza mboji. Kila safari ni kama tani 3, kwenda na kurudi kilomita 50, kenta inakula lita 9 za dizeli. Sasa kuna mtu ametuambia tunadanganya watu na hizi habari za tabianchi, juu kenta inatoa moshi na mboji yenyewe inatoa gesi, eti bora taka iachwe tu iende jaa. Ni kweli? Na plastiki tunayookota kwa hiyo taka tuifanyie nini?

Jibu: Salama sana vijana, na asanteni kwa kutuma lita na kilomita, wengi huniuliza hili swali bila hata namba moja. Huyo mtu msimkasirikie, kuna sehemu moja amesema kweli, na ndiyo nataka tukae nayo.

Kenta kwanza, juu hiyo ni rahisi. Lita moja ya dizeli ikichomwa inatoa kama kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, kwa hivyo lita 9 ni kilo 24 hivi, gawanya kwa tani 3 unapata kilo 8 kwa kila tani ya taka. Hizo kilo 8 wekeni akilini. Hata siku mmekosa mzigo kenta ikaenda na tani moja tu, ni kilo 24 kwa tani, bado ni kidogo.

Sasa jaa. Mboga ikifunikwa na taka zingine hewa haifiki huko chini, wale bakteria wasiohitaji oksijeni wanashika kazi na wanatoa gesi inayoitwa methani. Kilo moja ya methani inapasha dunia joto kama kilo 27 za kaboni dayoksaidi ukihesabu kwa miaka 100, na ukihesabu kwa miaka 20 ni kama 80, juu methani haikai sana angani, miaka 12 hivi, lakini hiyo miaka iko huko inachoma kweli. Ukifuata kanuni za IPCC, lile jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, tani moja ya taka ya chakula kwa jaa lenye kina cha mita 5 na zaidi inatoa kama kilo 40 za methani, na kwa jaa fupi la kumwagamwaga tu ni nusu yake, kilo 20. Zidisha na 27: lile refu ni kama kilo 1,080 za kaboni dayoksaidi, lile fupi 540. Lakini sukuma na kabeji ni maji tupu ukilinganisha na mabaki ya ugali na nyama, kwa hivyo mimi ningekata tena nusu nibaki na 540 na 270. Afadhali useme faida ndogo ambayo mtu akikuuliza utaisimamia. Na kwa joto na mvua ya Kisumu hiyo taka haikai sana, nusu yake huwa imeshaoza kabla miaka 2 kuisha, sio jambo la wajukuu.

Kwa hivyo 8 kwa 270, kenta imetoka kwa hii kesi. Kesi iko kwa lundo lenu.

IPCC hao hao wanasema tani moja ya taka mbichi ikigeuzwa mboji inatoa kama kilo 4 za methani na robo kilo ya gesi nyingine, naitrasi oksaidi, na hii ya pili ni kali, kilo moja ni kama kilo 273 za kaboni dayoksaidi. Jumla hapo ni kama kilo 175 za kaboni dayoksaidi kwa tani. Lakini hiyo ni katikati tu, ukiangalia pande zote mbili lundo zuri linaweza kushuka hadi chini ya 20, na lundo baya linaweza kupanda hadi 380. Rudieni hiyo: 380. Hiyo imepita jaa fupi la 270. Kwa hivyo yule mtu hakusema uongo mtupu, mboji iliyotelekezwa inaweza kuwa mbaya kuliko taka iliyomwagwa juu juu tu, na tofauti ya 20 na 380 haiko kwa dizeli, iko kwa fokojembe.

Nimeona kwa macho. Kuna lundo nilisimamia hapa Nakuru, mvua ikatushika karibu mwezi mzima hatukuligeuza, nje lilikuwa linapendeza kabisa. Tulipolifungua katikati kulikuwa na uji mweusi wa kuteleza, baridi, unanuka kama yai bovu hadi vijana wakarudi nyuma. Nikadunga nondo, nikangoja dakika tano, nikaivuta, ikatoka baridi vile ilivyoingia. Lundo lenye hewa hiyo nondo hutaishika kwa mkono mtupu, na ukichimba ndani linanuka udongo uliopata mvua ya kwanza. Tangu hapo mimi siulizi mtu kama anatengeneza mboji, namuuliza mara ya mwisho ameligeuza lini.

Nyinyi mko na hatari mbili za hapo hapo. Mboga za Kibuye zimejaa maji, zikirundikwa peke yake zinajikamua na kuziba hewa. Na Ahero ni tambarare ya Kano, ule udongo mweusi unashika maji na mafuriko mnayajua kuliko mimi, lundo likikaa chini maji yanapanda ndani na mshajitengenezea jaa dogo. Inueni hapo mahali kwa changarawe ama matawi mazito, chimbeni mtaro kando. Halafu bahati yenu ni mpunga, mko katikati ya skimu ya mpunga na nyasi zake mara nyingi huchomwa shambani, ombeni hizo, katakateni, changanyeni na mboga, na maganda ya mpunga pia, hayaozi haraka lakini yanaacha nafasi ya hewa kupita. Chukua mchanganyiko ukamue kwa ngumi, likidondoka tone moja ama mawili iko sawa, ikichuruzika ongeza nyasi. Mwezi wa kwanza geuzeni angalau mara moja kwa wiki, mvua ikinyesha sana funikeni.

Kitu kingine watu wanaruka: linganisheni na kile kingetokea kweli kwa hiyo taka. Kama ingezolewa hadi jaa refu, tumieni 540. Kama ingebaki kando ya soko, nusu iliwe na mbuzi na nyingine ikaukie juani, hamna haki ya kudai hata hiyo 270.

Mtu anaweza kuwaambia muache mboji mfanye bayogesi, yaani taka ioze ndani ya mtambo uliofungwa na hiyo methani ichomwe kama gesi, na ni wazo zuri, lakini muulizeni hiyo gesi itachukua nafasi ya nini. Kama ni stima, faida ya tabianchi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, juu stima nyingi ya Kenya tayari ni ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Kama ni kutoa makaa jikoni mwa mama wa hoteli, hapo sasa tunaongea. Na mtambo usivuje, ukivuja asilimia 10 ya methani mmekula sehemu kubwa ya faida yenyewe.

Plastiki ni hesabu tofauti kabisa. Nailoni haiozi, haitoi methani, ikizikwa kaboni yake inakaa humo humo. Ikichomwa, kilo moja inatoa kama kilo 3 za kaboni dayoksaidi na ule moshi mweusi mnaouvuta wenyewe. Kwa hivyo msichome hata kidogo. Chupa na mitungi safi uzeni, makopo ya alumini msiyaache kamwe juu kuyayeyusha upya kunaokoa kama asilimia 95 ya nishati ya kutengeneza mapya. Ile nailoni chafu isiyo na mnunuzi iende jaa tu bila kujilaumu, sababu ya kuitoa kwa mboji ni udongo wa mkulima, mitaro na ziwa.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka ya kuoza itenganishwe na ingine pale pale inapotoka, kwa hivyo ongeeni na akina mama wa mboga Kibuye wawe na gunia la mboga peke yake, itawapunguzia kuchambua. Na kuanzia safari ijayo nunueni daftari: kilo zilizopakiwa, lita za dizeli, tarehe ya kugeuza, na nondo ilitoka moto ama baridi. Mkinitumia kurasa za miezi mitatu nitawafanyia hesabu yenu wenyewe, sio hii ya IPCC.