Nashtuka saa tisa usiku silali tena, nalia hovyo mchana (jibu kwa dada wa Nkuhungu, Dodoma)

Pole sana dada. Yani tangu uhamie Nkuhungu unashtuka saa tisa, mawazo yanakimbia mpaka adhana, mchana unalia bila sababu, na shoga yako anakwambia meza piritoni. Iache hiyo, ni dawa ya mafua na aleji, kesho yake kazini unakuwa zezeta tu. Na valiamu (dawa ya kutuliza) ya kununua kimyakimya ndo usiguse kabisa, mwili unaizoea halafu kuiacha inakuwa kesi.

Mawazo yanakata usingizi, na kukosa usingizi nako kunaongeza mawazo, vinalishana. Mi nilichoona kinasaidia ni kuamka muda uleule kila siku hata jumapili, hata kama umelala vibaya. Ukikaa kama dakika 20 macho makavu toka kitandani, kaa sebuleni taa hafifu, simu iache, usingizi ukija ndo urudi. Na saa usiangalie, ile kupiga hesabu "yamebaki masaa mawili" ndo inaua. Kahawa na chai ya rangi mwisho mchana.

Ila kama huzuni imefika wiki mbili na kula huna hamu, muone daktari, hata Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili hapo Dodoma, nenda, wanaoenda pale wengi wana kazi zao safi tu, achana na maneno ya watu. Ukiwaza kujidhuru usisubiri asubuhi, mwamshe mtu akupeleke hospitali usiku huohuo.

Na kama kuna kipindi ulikaa siku kadhaa hulali na bado una nguvu balaa, mtajie daktari, maana matibabu ya hali hiyo ni tofauti.