Masta kwanza, au darasa kwanza? Kwa mwalimu anayetaka kufundisha Kiingereza nje

Mdogo wangu, umesema una digrii ya ualimu, Kiingereza na Jiografia, miaka mitatu darasani kwenye shule binafsi huko Njiro, na unataka kwenda kufundisha Kiingereza nje. Umesema pia mjomba yuko tayari kuuza kiwanja cha Usa River ili usome masta kwanza, kwa sababu mtu amekuambia bila masta hupati kazi. Nakuomba umwambie mjomba asubiri. Sikukatazi kusoma. Mimi masta ndiyo iliyonipeleka Oman na nikafundisha kule miaka minne. Ila nilisoma bila kujua inafungua mlango gani, na nusura nirudi Moshi na deni mkononi na cheti ukutani.

Nilikuwa nafundisha sekondari ya kata Moshi Vijijini. Habari iliyovuma wakati ule ilikuwa Korea Kusini: nyumba ya bure, tiketi ya ndege, mshahara mzuri. Nikajiambia nikiongeza elimu watanichukua. Baba akauza ng'ombe wawili, mimi nikakopa SACCOS ya walimu, nikaenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusoma masta ya isimu, yaani taaluma ya lugha. Nilipomaliza nikatuma maombi kwa wakala. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, swali moja tu: pasipoti yako ni ya nchi gani?

Viza ya E-2, ambayo ndiyo walimu wengi wa Kiingereza huingia nayo Korea, inataka pasipoti ya moja ya nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand au Afrika Kusini. Digrii ya kwanza inatosha kwa viza hiyo. Mwenye pasipoti ya Kanada akiwa na masta anapanda ngazi ya mshahara kwenye mpango wa shule za serikali wa EPIK, yaani kwake masta ni nyongeza. Kwangu mimi haikuwa kitu, kwa sababu sikuwa na pa kuiongezea. Kwa njia hiyo hata ningekuwa na PhD jibu lingekuwa lile lile. Viza ya maprofesa wa vyuo vikuu ni nyingine kabisa, na huko ndiko masta inakoanza kuulizwa, tena pamoja na uzoefu.

Nikageukia Japani. Kwa viza ya kufundisha lugha shuleni, Japani inataka mwalimu awe amesomeshwa kwa lugha hiyo kwa miaka 12 au zaidi. Niliketi kitandani nikahesabu kwa vidole. Darasa la kwanza hadi la saba nilisoma kwa Kiswahili, hapo sifuri. Kidato cha kwanza hadi cha sita, miaka 6. Digrii, 3. Masta, 2. Jumla 11. Nilihesabu mara tatu nikidhani nimeruka mwaka. Sasa wewe umesema msingi ulisoma English medium. Una miaka 7 ambayo mimi sina, maana yake umevuka 12 hata kabla ya kugusa masta. Ada aliyolipa mzazi wako ukiwa darasa la pili imekusaidia kwa Japani kuliko masta ilivyonisaidia mimi. Ujue tu kuvuka sharti la viza si kupata kazi, maana waajiri wana upendeleo wao juu ya hapo.

China nako kanuni inatazama raia wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa, ingawa mikoa mingi humfikiria mtu aliyepata digrii yake kwenye nchi hizo. Hapo masta ya Uingereza inaweza kufanya kazi ambayo masta ya Dar haifanyi. Thailand ni wepesi zaidi kwetu: digrii ya kwanza, na asiye mzawa wa lugha kwa kawaida huombwa alama za mtihani wa Kiingereza kama TOEIC, 600 kwenda juu. Wakameruni wanafundisha kule, na masta si sharti.

Kwa hiyo masta inafungua mlango wa kufundisha chuoni. Shule na vituo vya lugha wanatazama pasipoti, leseni ya ualimu na saa ulizosimama darasani. Chuo, hasa nchi za Ghuba, wanataka masta kwa sababu wizara ya huko ndiyo inayopitisha jina la mwalimu, na inalipitisha kwa vyeti. Wanafunzi wa Oman wengi wanasoma mwaka wa matayarisho wa Kiingereza kabla ya kuanza digrii, na hapo ndipo nilipopata kazi, chuo binafsi nje ya Muscat.

Ngoja nikueleze usaili, maana ndio ulionifumbua macho. Saa 1 asubuhi, chumba cha rafiki yangu karibu na Double Road, kompyuta juu ya ndoo iliyofunikwa kitambaa. Nilikuwa nimekariri tasnifu yangu yote. Hawakuuliza hata kichwa chake. Mama mmoja aliniambia: mwanafunzi wako Mwarabu haoni tofauti ya "I ate" na "I have eaten", mfundishe sasa hivi, mimi ndiye mwanafunzi. Nikakwama kidogo, halafu nikafanya nilivyokuwa nafanya kidato cha pili. Nikamwonyesha kikombe kitupu cha chai. Nikasema sihitaji kujua saa ngapi nilikunywa, tazama kikombe, kitupu sasa. Kisha nikasema jana jioni nilikunywa, kikombe kimeshaoshwa. Nimekunywa, nilikunywa. Sisi tunayo tofauti hiyo mdomoni tangu utotoni, na ndiyo maana najua pa kumshika mtu asiyeiona. Baadaye, darasani kule, binti mmoja ambaye bibi yake alikulia Unguja alipiga kelele kabla sijamaliza: "Nimekula! Nilikula!" akawaeleza wenzake kwa Kiarabu. Masta iliniweka kwenye orodha ya kuitwa. Kazi niliipata kwa kikombe, na kikombe nilikitoa sekondari ya kata.

Ndiyo maana nasema miaka yako mitatu usiione midogo.

Ukiamua kusoma, jina la masta lina uzito. Iwe isimu, isimu matumizi au ufundishaji wa Kiingereza. Mwenzangu mmoja alikuwa na masta ya uongozi wa elimu, nzuri kabisa kwa ukuu wa shule hapa nyumbani, ikakataliwa. Na uwe makini na masta ya masafa au ya mtandaoni kama macho yako yako Ghuba. Huko wizara zimekuwa zikizitilia shaka, na utaombwa barua ya chuo inayosema ulisoma kwa kuhudhuria. Barua yangu hiyo ilinipandisha basi la Dar mara mbili. Kisha mihuri: chuo, Wizara ya Mambo ya Nje, ubalozi. Nikiwa dirishani ubalozini ndipo yule kijana akanionyesha kwamba cheti cha kuzaliwa kina jina la baba lenye "y" na cheti cha kidato cha nne kina "i". Herufi moja. Nikarudi kwa wakili kula kiapo, na chuo nusura kimchukue mtu mwingine.

Fedha ya masta usiitafute kwenye kiwanja kabla hujajaribu ufadhili wa bure. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inasomesha masta ya mwaka mmoja huko, inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, yaani saa 2,800, ambao wewe tayari unao. Sharti lake ni kurudi nyumbani ukimaliza na kukaa huko kwa miaka miwili, kwa hiyo panga ukijua hilo. Ipo pia Fulbright FLTA, inayowapeleka walimu vijana wa Kiingereza kufundisha lugha yao wenyewe kwenye vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Kwa Mtanzania ni Kiswahili, digrii ya kwanza inatosha, na unarudi na jina la chuo cha nje kwenye wasifu wako. Ningekuwa na umri wako ningeanza na hiyo.

Na kama una akiba ndogo, ifikirie CELTA ya Cambridge, cheti cha kufundisha Kiingereza. Ni saa 120, na ndani yake saa 6 unafundisha wanafunzi halisi huku unatazamwa na kusahihishwa. Waajiri wa vituo vya lugha wanaielewa haraka kuliko transkripti yetu.

Wiki hii toa vyeti vyako vyote, cha kuzaliwa, darasa la saba, kidato cha nne, cha sita, digrii, na pasipoti kama unayo. Vitandike mezani, soma jina lako herufi kwa herufi. Halafu chagua nchi moja, tafuta matangazo matano ya kazi ya kweli, uyalete hapa tuyasome pamoja mstari kwa mstari. Tukikuta matatu kati ya hayo yanataka masta, nitakuandikia mwenyewe ujumbe wa kumpelekea mjomba.